Pini Mbili za Mama Pini

Mtaani walimwita Mama Pini, na jina lilimkaa. Kila alipomaliza nguo, fundi huyu wa cherehani alizihesabu pini zake kwenye kimto kabla mteja hajaivaa. Miaka ishirini na sita, hakuna aliyewahi kuchomwa.

Siku moja akateleza kizingitini na jora la kitambaa, akaangukia kiganja cha kulia. Kano zinazoshikanisha vifupa vya kifundo cha mkono zikachanika, na mkasi mkubwa ukawa haushikiki tena. Kitambaa cha gauni la wifi yake kikabaki mezani hakijakatwa.

"Mpaka upone nitakuwa nimenenepa," wifi akalalamika. "Vipimo vyako vitaoza."

Wakaenda pamoja kwa daktari. Akawaeleza kwamba vifupa vitarudishwa mahali pake na kushikizwa mpaka kano ziunge. Kuna pini za chuma, imara, ila zitatolewa baada ya wiki nane. Na kuna za kuyeyuka: hizo hazitolewi, mwili huzimaliza polepole, lakini hazina nguvu ya chuma.

"Kwa mkono wako zote zinafaa," akasema. "Chagua mwenyewe."

"Za kuyeyuka," wifi akadakia. "Arudi tena kwenye meza yenu ya upasuaji, amekuwa kitambaa?"

Mama Pini aliutazama mkono wake. Wote walijua bila mkono ule hakuna fundi.

"Wifi, nikipiga bandi, ule uzi wa kushikiza kwa muda, naufumua mwenyewe. Kwanza nauvuta mshono, nione umeshika. Uzi unaojifumua utaniuliza saa ngapi? Daktari, nitie chuma. Ngapi?"

"Mbili."

"Nitazidai zote."

Wiki nane baada ya kutiwa pini, daktari akaukagua mkono, kano zikawa zimeshika, pini zikatolewa.

"Nionyeshe," alisema Mama Pini. Daktari akamsogezea kibakuli. Moja. Mbili. Ndipo akakubali kufungwa bendeji.

Mkono ulikuwa mgumu kama bawaba mpya. Kila asubuhi aliminya donge la vipande vya nguo, mpaka vidole vikatii. Halafu akamwita wifi, akampima upya, akatandaza kitambaa, akashika mkasi. Ulikwenda ukingo hadi ukingo bila kusimama.

Gauni lilipoisha, wifi alilishika kwa ncha za vidole. "Humu hamna pini?"

"Zipo kimtoni, zote thelathini. Umekuja kuhesabu au kuvaa?"

Wifi akavaa.