Mwalimu Hasaini

Saa tisa alasiri, mama wa miaka arobaini na miwili anavua viatu mlangoni kwa mwalimu mstaafu, anaingia na kujitupa kitini bila kungoja kukaribishwa. Miguu imemvimba. Tangu asubuhi amepiga deki wodi mbili za hospitali, na saa kumi na moja anatakiwa chuoni, anakosomea ustawi wa jamii.

"Shikamoo, mwalimu. Lete mkono."

"Marahaba. Leo umechelewa," anajibu mzee, akimnyooshea mkono wa kulia uliopooza kwa kiharusi mwaka jana.

Chuo hicho hakimpi mtu cheti kwa kukaa darasani tu. Kila mwanafunzi lazima amhudumie mtu mtaani kwa saa mia moja na ishirini, kisha aliyehudumiwa asaini fomu. Mama Deki, kama wanavyomtania wenzake darasani, alizimaliza wiki tatu zilizopita. Fomu inatakiwa kesho. Asipoipeleka, anarudia mwaka mzima.

Na mwalimu hasaini.

"Dole gumba sitaki, mimi si mbumbumbu," anasema. "Nitasaini mkono ukipona."

Kumbe mkono umepona! Mke wa mwanawe anamwita mwandishi wa makala haya jikoni na kumnong'oneza: kila asubuhi baba mkwe anajaza fumbo la gazeti kwa mkono huohuo, kisha analificha chini ya godoro.

"Kabla ya huyu mama walikuja wanafunzi wawili. Aliwasainia, na hakuwaona tena."

Sebuleni, Mama Deki anamkunjua mwalimu vidole, kimoja baada ya kingine. Macho ya mama yanajifumba yenyewe.

"Baba, magazeti nimeyaona nikitandika kitanda," anasema ghafla.

Mwalimu anatazama ukutani.

"Nimechoka, baba. Nasinzia darasani mpaka mate yananitoka. Siwezi kukudanganya kwamba nitakuja mara mbili kwa wiki. Jumamosi moja kila mwezi, hiyo naiweza."

"Na wale wawili waliokutangulia walisema watakuja."

"Wale walikwambia wamechoka?"

Mzee anacheka, kisha anajifuta macho kwa kiganja. Anaomba kalamu na kuandika polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.

Akipata cheti, Mama Deki ataomba kazi ya ustawi wa jamii hospitalini hapohapo. "Nataka niingie wodini bila ndoo," anasema njiani. "Nikae na mgonjwa, nimsikilize mpaka amalize."

Kwenye kona anasimama kuikagua fomu. Jina lipo. Saini ipo, tena ya kupendeza. Lakini penye tarehe ya kumaliza huduma, mwalimu ameandika neno moja: "Bado."

"Jamani, huyu mzee! Sasa chuoni wakiikataa?"

Halafu anaikunja vizuri, anaitia kwenye mkoba na kuongeza mwendo.

"Waje wamuulize mwenyewe," anasema.