Kisu Kilichokuwa Kengele

Nakumbuka siku ile na wote tuliokuwa pale tangu mwanzo, na nitawataja kwanza, maana waliobaki hai ni wachache. Mimi Paluku, mzaliwa wa kwanza wa nyumba yetu. Masika, dada yangu anayenifuata, amelala kwenye tipoyi, machela ya mianzi, tumbo limevimba na uso umekuwa na rangi ya majivu. Mama Kahindo, shemasi wa kanisa letu dogo, ambaye ndiye aliyekuwa akiangalia wagonjwa. Na Papa Kasereka, fundi wa mashine wa misheni. Wengine walikuja baadaye, na walikuja wakikimbia.

Mwanangu, wewe unayepanda mashine leo na kuiwasha kwa kugeuza ufunguo tu, sikiliza hii.

Wakati ule wa vita tulikaa kwenye kilima upande wa magharibi mwa Butembo. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufa. Niliacha shule nikiwa ningali mdogo ili wadogo zangu wapate kula, na Papa Kasereka akanifundisha kuendesha mashine ya kukata majani, ile ya kukaliwa kama trakta ndogo. Misheni ilikuwa na uwanja wa ndege wa majani, na kazi yangu ilikuwa kuyaweka majani yake mafupi ili ndege ndogo iweze kutua.

Askari walipoanza kupita, wakawa wanachukua kila kitu chenye injini. Kwa hiyo tulifanya kama watu wengi wa kwetu walivyofanya siku zile: tuliifungua mashine na kuigawanya. Magurudumu yalienda chini ya maharagwe ya familia moja, betri ikaingia kwenye shimo la viazi vya familia nyingine, na injini tukaifunika kuni. Kisu, kile cha kukatia majani, ndicho kilichokuwa kirefu na kigumu kuficha. Mama Kahindo alisema kitundikwe mbele ya kanisa, kigongwe kama kengele, kwa sababu hakuna askari atakayeiba kengele. Na kweli hawakuiba. Kila Jumapili, na kila msiba, tulikigonga kwa kipande cha nondo, nacho kikatuita tukaja. Tulijiona wajanja sana.

Kisha Masika akaugua. Mama Kahindo alimshika tumbo, akaniambia bila kunificha kwamba utumbo umejifunga na lazima apasuliwe, na daktari wa kupasua yuko Beni. Barabara ilikuwa imefungwa na watu wenye silaha. Tulipiga foni, ile redio ya misheni, na rubani akajibu kwamba angekuja mchana wa siku ile ile na kumpeleka hadi Mavivi, uwanja wa ndege wa Beni, ikiwa tu majani yangekatwa. Majani yalikuwa yamefika kiunoni.

Unaweza kufikiri jinsi nilivyokimbia. Nilikusanya vipande vyote toka nyumba hadi nyumba, na kisu toka kanisani, nikavimwaga kwenye bashi, lile turubai, mbele ya kibanda cha mashine. Tulimlaza Masika pembeni, kivulini, ili ndege ikifika apakiwe mara moja.

Papa Kasereka hakukimbia. Alianza na injini. Alitoa kile kijiti cha kupimia mafuta, akakifuta, akakirudisha, akakitoa tena na kukitazama kwenye mwanga. Alivuta mkanda kwa vidole akitafuta mahali palipopasuka. Alikaza bulo, zile bolti, moja moja. Alikanyaga breki. Nilipotaka kuingia chini ya mashine kufunga kisu, alinivuta shati, akachomoa kwanza waya wa buji, ile plagi inayowasha injini, akaniwekea mkononi. Alisema mkono wa mtu ukiwa kwenye kisu, huo waya unakaa mfukoni mwake.

Niliona anapoteza wakati. Nilisikia Masika akiugulia, na kila nilipotazama mbinguni niliona ndege ambayo haikuwapo.

Mwisho akachukua kisu. Akakipaka mafuta ya taa, akakifuta kikauka kabisa, kisha akamwomba Mama Kahindo unga wa muhogo kidogo, akaunyunyiza juu ya chuma kama mtu anayetaka kukaanga samaki. Tukangoja. Karibu na tundu la katikati, kwenye unga mweupe, ulitokea mstari mweusi, mwembamba kama unywele. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye ufa na sasa yalikuwa yanatoka.

"Hii kisu hapana," alisema. "Tuliipiga mingi. Imechoka ndani."

Nilimwambia ni unywele tu. Nilimwambia mengine pia, kwa sauti ambayo kijana wa kwetu hampigii mzee, kwamba kama Masika akifa, atakuwa amekufa kwa ajili ya unga.

"Paluku, miye sikatai dada yako aende," alisema. "Minakataa kuzika batu wawili. Kisu hii ikizunguka, hauwezi kuiambia isimame."

Mama Kahindo ndiye aliyetukata maneno. Alisema kijiji kizima kina kupekupe za kufyekea na mapanga, na watu wako shambani, basi waitwe. Akakifunga kisu kwa kamba kwenye mti wa paa la kibanda, akanipa nondo. "Ilikuwa kengele," akasema. "Ifanye kazi ya kengele. Piga, mwana wangu."

Nilipiga kwa hasira. Pigo la kwanza lililia vibaya. La pili lilikuwa kama mlio wa bunduki, na mkono wangu ukafa ganzi.

Kisu kilikuwa kimekatika pale pale kwenye mstari wa unga. Nusu moja ilibaki ikiyumba kwenye kamba. Nusu nyingine sikuiona. Tulitazama chini, tukatazamana, na ndipo Masika aliponiita mimi kaka yake kwa sauti ndogo, "Yaya, iko hapa." Ilikuwa imechoma udongo kando ya kichwa chake. Ilikuwa imekata mwanzi mmoja wa tipoyi, na mwanzi ule ulikatika safi, kama umepigwa na panga.

Nilikaa chini. Hiyo ilikuwa nguvu ya mkono wangu tu, mkono wa kijana aliyelala njaa. Nilifikiri injini ingekizungusha kwa nguvu gani. Nilifikiri mahali ambapo ningekuwa nimekaa, juu yake, na mahali ambapo sisi wenyewe tulikuwa tumemlaza Masika. Hata Papa Kasereka, aliyejua, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Ni kama kuambiwa kuna nyoka ndani ya nyumba, halafu umwone: hata aliyekuambia anaruka.

Mama Kahindo alichukua nondo toka mkononi mwangu, akaendelea kugonga ile nusu iliyobaki. Ililia kama sufuria. Watu waliisikia kengele yao imeharibika sauti, wakadhani askari wamerudi, au Masika ameaga dunia. Walikuja wakikimbia, wengine wamebeba majembe ya kuchimba kaburi. Walipoambiwa ni majani, mzee mmoja alitukana vizuri kwa Kinande, kisha akainama akaanza kukata. Wakainama wote. Walikata kwa safu, bega kwa bega, mama wenye watoto mgongoni, hadi ndege ikazunguka juu yetu, ikashuka.

Masika alipasuliwa Beni, akapona. Leo ana wajukuu na anapenda kuwaonyesha kovu.

Sasa nakuambia wazi, mwanangu. Kabla ya kuwasha mashine, izunguke. Pima mafuta, tazama mkanda, jaribu breki. Chomoa waya wa buji kabla mkono wako haujagusa kisu. Tembea kwenye majani kwanza uokote mawe na vyuma, na usikubali mtu yeyote akae karibu unapokata, hata umpendaye, yeye zaidi. Na siku ukiwa na haraka kwa sababu ya mtu unayempenda, siku hiyo uangalie mara nyingine tena, kwa kuwa macho yako yatakuwa yanamtazama yeye.

Jioni ile, ndege ilipokwisha kuondoka, Papa Kasereka alinigusa bega. "Umevunja kengele ya kanisa," akasema, na akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Utatuletea ingine."

Nilikubali. Lakini vita vilirudi, vikatutawanya. Yeye alikimbilia Mangina, akafia huko. Kanisa lile sasa halina paa, na njia ya kupanda kule bado watu wanaiogopa. Mimi nina janti ya lori, ringi ya gurudumu inayolia kama kengele, hapa uani kwangu Butembo, nzito, isiyo na ufa. Niliipaka mafuta ya taa na unga mimi mwenyewe.

Mungu akulindie mikono yako na miguu yako, na wale wanaokungoja jioni wakuone ukirudi mzima. Na kama nitaondoka kabla njia haijafunguka, ujue janti iko wapi na inangoja kupandishwa kilima gani.