Nafasi ya Kugeuzia Trekta

Baba yangu aliendesha matrekta ya watu maisha yake yote ya kazi. Alikuwa dereva katika mashamba ya miwa ya uwanda wa Kano, na alipostaafu, miaka ya themanini ikielekea mwisho, alitaka kitu kimoja tu: trekta lake mwenyewe la kulimia shamba la nyumbani, Nyakach. Mama alitaka paa lisilovuja. Wadogo zangu walitaka karo. Sote tulinyamaza, kwa sababu kiinua mgongo kilikuwa chake na mgongo uliochakaa ulikuwa wake pia.

Shamba lenyewe ni mkanda mrefu mwembamba. Babu aliligawa kabla hajafa: baba, aliyekuwa mkubwa, akapata nusu ya juu inayopakana na barabara, na baba mdogo akapata nusu ya chini inayoshuka hadi ziwani. Katikati ulipita mstari wa mkonge. Ndugu hao wawili waligombana juu ya mkonge huo wakati wa kupima ardhi, mimi nikiwa bado shuleni. Baba alikuja likizo kutoka kwenye miwa, akasema mstari umesogezwa. Baba mdogo akasema haujasogezwa. Sijui nani alikuwa mkweli, na siku hizi wala sijali. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo hawakusemezana tena. Mama na mama mdogo, mke wa baba mdogo, waliendelea kuazimana chumvi na kusukana nywele, sisi watoto tulikula nyumba zote mbili, lakini wenyewe walipishana njiani kama watu wasiojuana.

Jambo moja tu hawakulivunja. Kwetu, mdogo haingizi plau shambani kabla ya mkubwa wake. Mvua ikinyesha, anangoja hadi mkubwa afungue ardhi, hata kama ni kwa mstari mmoja, ndipo naye aanze. Baba alipokuwa mbali, mama ndiye aliyefungua kwa niaba yake. Na baba mdogo, ambaye alikuwa hamsalimu kaka yake hata msibani, alingoja kila msimu. Ng'ombe wake walisimama na nira shingoni, macho yake yakiwa upande wetu, hadi aone udongo umegeuzwa.

Wakati huo mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kisumu, kwa hiyo baba alipokuja kutafuta trekta alilala kwangu, na Jumamosi nikafuatana naye hadi Mamboleo, pembeni mwa mji. Kulikuwa na mzee mmoja Mwislamu pale karibu na njia panda, mtu wa mjini ambaye babu zake walitoka pwani, aliyeuza mitambo ya shamba iliyokwisha tumika. Uani kwake yalibaki matrekta mawili. Moja lilikuwa la wastani, pana kifuani, tairi zake za nyuma zikinifika begani. La pili lilikuwa dogo, la kukatia nyasi za viwanja na kuvutia trela ya mchanga, na tairi zake za mbele zingeweza kufungwa kwenye mkokoteni bila mtu kushangaa.

Baba alilizunguka lile la wastani. Alilipandia, akakanyaga klachi, akapitisha gia moja baada ya nyingine akiwa amefumba macho. Lilipowashwa alishuka na kuweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. Nilikuwa sijamwona baba akigusa kitu chochote namna ile, hata sisi watoto wake. Nilifurahi. Nilidhani kazi imekwisha na tunaweza kwenda kula.

"Mzee, udongo wako ni wa namna gani?" muuzaji akauliza.

"Mweusi. Ile ya Nyakach. Mvua ikinyesha inakamata mguu."

"Na kazi?"

"Kulima. Na kubeba maji, mchanga, na mavuno kupeleka soko ya Pap Onditi."

"Basi umeshachagua. Udongo mweusi unataka mwenye nguvu. Haka kadogo ni ka kazi ya uwanja, kukata nyasi na kubebabeba. Ukikafungia plau kwa udongo huo katalia."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Alijua hayo kuliko muuzaji. Kisha akaanza kupima kwa hatua, kutoka pua ya trekta hadi mahali ambapo plau ingeishia nyuma. Akasimama, akatazama chini.

"Hii kubwa ni mzuri," akasema. "Lakini itageukia wapi? Shamba yangu ni nyembamba. Juu nitageuza kwa barabara. Chini hakuna nafasi."

"Chini kuna nini?"

"Jirani."

"Sasa si utageukia kwa jirani? Kila mtu analima hivyo, mzee. Unainua plau, unaingia kwake kidogo, unageuka, unarudi kwako. Kwani huyo jirani ni nani?"

"Ndugu yangu. Wa mama moja."

Muuzaji akacheka kwa furaha, mtu aliyeona shida imekwisha. "Wa tumbo moja! Basi hata si kuomba. Lakini kwa heshima unaomba. Unamwambia, ndugu yangu, naomba kugeukia kwako. Atakataa?"

Baba hakucheka. Alienda kusimama karibu na lile dogo, akauliza kama plau yake ipo.

Nilikasirika pale pale. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira yangu haijui kunong'ona. Nikamwambia kwa Kijaluo chetu kwamba anachagua kwa kichwa cha ugomvi, si kwa kichwa cha dereva. Hakunigombeza. Akasema, "Nyathina, mwanangu, hili linaweza kugeuka ndani ya changu. Sitamwomba mtu." Akalinunua lile dogo. Tulipotoka aligeuka mara moja kulitazama lile la wastani, na nilimhurumia hata kama bado nilikuwa nimenuna.

Trekta liliteremshwa kutoka kwenye lori hapo barabarani, na kijiji kizima kikaja kutazama. Walikuwa wametegemea dude kubwa kama yale ya miwa. Walipoona kimo chake wakaanza utani. Kabla jua halijatua lilikuwa limeshaitwa mbuzi wa mzee. Baba mdogo naye alikuja. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, akalitazama trekta kwa muda, kisha akateremka kwake. Niliona hilo lakini sikulipa maana.

Jioni hiyo baba alishuka kukagua shamba hadi mwisho. Alirudi upesi. Mkonge ulikuwa umeng'olewa katikati ya mstari, pengo la kupitisha gari. Upande wa pili, kwa baba mdogo, palikuwa pamefyekwa mahali papana. Visiki vimechimbuliwa, mawe yamesukumwa pembeni, ardhi imesawazishwa.

"Ameanza tena," baba akasema. "Amesubiri nistaafu ndipo aanze."

Kesho yake asubuhi alichukua vichipukizi vya mkonge akaziba lile pengo, kimoja baada ya kingine, akishindilia udongo kwa kisigino. Baba mdogo alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akisuka kamba ya nira. Alimwona tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuinuka, na mama aliyekuwa amejiandaa kuamua ugomvi akarudi jikoni.

Misimu ikafuatana. Trekta lile liliteseka. Ilibidi baba alime mvua za kwanza tu, kabla udongo haujaanza kunata, na hata hivyo lilikohoa na kuzungusha tairi mahali pamoja. Lakini taabu kubwa ilikuwa mwisho wa shamba. Hata dogo halikosi kutaka nafasi. Baba alifika karibu na mkonge, akainua plau, akakata usukani, akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi nyuma tena, klachi ikinuka. Kipande ambacho plau haikukifikia alikilima mama kwa jembe la mkono. Kila msimu nilipokuja likizo nilimkuta mama ameinama kwenye kile kipande, na ng'ambo ya mkonge, hatua chache tu kutoka kwake, pale mahali pa baba mdogo pamekaa wazi. Hakupandwa mtama, hakupandwa mahindi. Nyasi zilikatwa, basi.

"Amezeeka yule," baba alisema. "Ardhi imemshinda." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayehesabu ushindi, na mimi niliondoka mezani.

Mwaka mmoja klachi ilikufa kabisa. Kipuri kilikuwa hakipatikani Kisumu, na mvua ikaanza. Majirani wakalima, wakapanda. Baba mdogo akangoja. Alifunga ng'ombe kila asubuhi, akasimama nao, akawafungua jua lilipokuwa kali. Mbegu zake zilikuwa kwenye gunia na mvua ilikuwa inapita. Baba alimwona kila siku kutoka mlangoni, na alikuwa akila kidogo. Hatimaye asubuhi moja alichukua jembe la mama, akashuka peke yake hadi pale mkongeni, akalima mstari mmoja kutoka upande huu hadi ule. Alikuwa mtu mzima wa kuvimba magoti, na hakuwa ameshika jembe la mkono tangu ujana wake. Alipofika mwisho aliinua mgongo, akatazama ng'ambo. Baba mdogo akawaambia ng'ombe wake waende.

Mama alilia jikoni. Tulidhani sasa watasemezana. Nilikaa siku zote za likizo nikitega sikio, na hawakusemezana.

Baba mdogo alifariki katika miaka ile ya tisini ambapo gugu maji lilifunika ziwa hadi mashua zikakwama ufukweni. Alikuwa na kifua kwa muda, na hakutaka kwenda hospitali kubwa. Baba alipoambiwa alikuwa anapaka grisi trekta. Aliendelea kupaka. Kisha akalifungia trela na kwenda kuteka maji ya msiba, pipa baada ya pipa, siku zote za matanga, akipitia njia ya chini na kuingia na huyo mbuzi wake wa tairi nne kwenye lango la ndugu yake ambalo alikuwa hajalipita tangu mimi nikiwa msichana. Hakuna aliyemtuma. Watu walipomwambia apumzike hakuwasikia.

Wageni walipoondoka, mama mdogo alimwita baba. Mama na mimi tulikuwa naye, tunaosha masufuria. Hakuwa mwanamke wa maneno makali, na hata siku hiyo hakuinua sauti.

"Shemeji," akasema, "kuna jambo ambalo aliniambia nisiseme. Sasa hayupo wa kunikataza. Tuliposikia kwamba unaenda Kisumu kuchukua trekta, alisema utaleta kubwa, kwa sababu unajua kazi yako na unajua udongo huu. Alisema kubwa litataka mahali pa kugeukia. Akang'oa mkonge. Akachimba vile visiki mwenyewe, na kile kifua chake. Nilimwambia aje akuambie. Akasema, akifika ataona."

Baba alikuwa amesimama.

"Siku liliposhushwa alienda kulitazama. Alirudi akaketi pale kitandani. Akaniambia, amechukua dogo. Ulipopanda mkonge alikutazama, lakini hakutaka pale papandwe kitu. Kila msimu nilimwambia tupande hata njugu. Akasema hapana, klachi ya kaka itachoka kwa kugeuzageuza hapo, siku moja atapahitaji."

Sufuria iliyokuwa mkononi mwangu niliiweka chini. Nilitaka kumlaumu baba, maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, lakini nilipomtazama nikayameza. Alikuwa ameshika kofia yake mbele ya kifua, anaizungusha, anaizungusha. Alitoka bila kuaga. Mama akasema nimwache.

Mvua za msimu uliofuata zilikuja mapema. Nilikuwa nyumbani. Baba aling'oa mkonge alioupanda kwa mikono yake, na ulikuwa umeshakuwa mkubwa, ukamchoma hadi viwiko. Kisha akawasha trekta, akalima mstari wa kwanza kutoka barabarani kwenda chini. Mimi na mama tulikuwa tumesimama pembeni na mbegu. Alipofika kwenye pengo aliinua plau, akazima injini, akashuka. Kutoka pale kaburi la baba mdogo linaonekana, mbele ya nyumba yake, udongo wake bado mpya.

Akavua kofia.

"Ndugu yangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye karibu, "naomba kugeukia kwako."

Mama mdogo alikuwa mlangoni kwake na ungo mkononi. Alisikia, na hakujibu, kwa kuwa hakuwa ameombwa yeye. Baba alisimama palepale muda mrefu, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama mtu aliyebisha hodi. Kisha akapanda, akawasha, akaingia. Trekta lile lingeweza kugeukia robo ya nafasi ile. Yeye alilizungusha duara kubwa, pana, polepole, akipita juu ya kila mahali palipochimbwa kisiki, ndipo akarudi upande wetu kuendelea kulima.