Nilivyofunga dishwasher mwenyewe hapa Birmingham wakati mke wangu yuko Muheza

Wakuu, nawasalimu nikiwa jikoni kwangu Perry Barr. Mvua inagonga dirisha, chai iko mezani, na pembeni yangu mashine inaunguruma.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa miaka. Huu ni uzi wangu wa kwanza. Sitaongeza kitu, na yale ya aibu nimeyaacha humo humo, maana bila hayo hamtaelewa kwa nini mtu mzima alitokwa na machozi mbele ya mashine ya kuosha vyombo.

Mke wangu anaitwa Rehema. Ni care worker, anahudumia wazee majumbani kwao. Mimi nafanya kazi kwenye ghala upande wa Washwood Heath. Tuna binti mmoja, Salma, ana miaka kumi na tano, kazaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza.

Rehema aliniomba dishwasher mara tatu. Si kwa ugomvi, aliomba tu, siku tofauti tofauti.

Kila mara jibu langu lilikuwa moja. "Mashine ya nini Mama Salma, watu watatu tu?"

Sasa kuna Jumapili tulikuwa na wageni, familia mbili za Watanzania wenzetu. Rehema alitoka kazini asubuhi, hakulala, akaingia kupika pilau. Watu walipomaliza kula akasimama kwenye sinki, mlima wa vyombo mbele yake.

Mgeni mmoja akauliza, "Ninyi hamna dishwasher humu?"

Nikajibu kwa sauti ili sebule nzima isikie. "Ninayo, nimeioa. Tena haili umeme."

Watu walicheka sana wakuu. Nami nikacheka. Rehema hakugeuka, aliendelea kusugua.

Wiki mbili baadaye simu ikaja kutoka Muheza. Mama yake kaanguka uani, kavunjika nyonga. Rehema ndiye binti pekee. Akaomba likizo isiyo na malipo, akafunga mizigo.

Airport alimkumbatia Salma mpaka mtoto akaanza kulia. Mimi alinipa mkono.

Mkono tu, kama mtu unayeagana naye baada ya kikao.

Alisema atakaa wiki sita. Wiki sita zikawa miezi mitatu, ikaingia na wa nne. Tulikuwa tunaongea kila siku, lakini ni maongezi ya hali ya mgonjwa, dawa, Salma kala, Salma kasoma. Basi. Kile kicheko chake cha kuvuta pumzi katikati sikukisikia kwa miezi yote hiyo.

Nikawa naosha vyombo mimi. Natoka shift, miguu inawaka, nasimama pale alipokuwa anasimama yeye. Dirisha la sinki linatazama ukuta wa jirani. Ukuta mtupu wa matofali. Miaka tisa tuliyokaa nyumba hii mke wangu alikuwa anatazama ule ukuta na mimi sikuwahi kujua.

Siku Rehema aliponiambia tarehe ya kurudi, niliamua. Akifungua mlango, dishwasher iwe mahali pake.

Hapa wale wanaotaka mambo ya ufundi msogee karibu.

Kwanza, pima nafasi. Nilikuwa na kabati moja upande wa kushoto wa sinki, upana wa sentimita sitini. Hilo ndilo la kutoa. Pima upana, urefu, na kina, na usisahau kwamba nyuma kuna mabomba na mpira wa maji unahitaji pa kupita. Kama nyumba ni ya kupanga, omba ruhusa kwa maandishi. Mwenye nyumba wangu alijibu kwa ujumbe mfupi kwamba nifunge ila nikiharibu ni juu yangu.

Pili, aina. Kuna zinazofichwa nyuma ya mlango wa kabati, na kuna zinazojitegemea. Kwa fundi wa kujifundisha kama mimi, chukua inayojitegemea. Kuna nyembamba na kuna ya size kamili.

Muuzaji dukani, dada mmoja mpole, aliniuliza, "How many of you at home?"

Nikasema wawili. Nikajisahihisha haraka, watatu. Yule dada akanitazama kidogo. Nikachukua ya size kamili.

Mnicheke tu, lakini dukani nilienda na sufuria. Ile kubwa ya pilau, ya aluminiamu, Rehema alikuja nayo kutoka kwao. Niliibeba kwenye mfuko, nikaiweka kwenye rafu ya chini ya mashine ya maonyesho nione kama itaingia. Iliingia. Nikaondoka kifua mbele.

Kutoa kabati ndiko kulikonichelewesha. Skrubu zilikuwa nne tu. Lakini ndani mlikuwa na vitu vyake: makopo ya ice cream yaliyojaa mdalasini, iliki na karafuu, kila kopo na kipande cha tepu chenye mwandiko wake. Moja limeandikwa "pilipili manga, Baba Salma usiguse."

Nilikaa sakafuni na lile kopo. Sijui kwa muda gani. Jiko lilinuka kama yupo.

Salma akaja kunitazama mlangoni. "Dad, are you OK?"

Nikamwambia ni pilipili imeniingia machoni. Akakaa, tukahamisha makopo pamoja, moja moja.

Jumamosi asubuhi nikafunga. Nilifunga koki kuu ya maji. Bomba la maji baridi la mashine ya kufulia nikaliwekea kigawanyio ili lilishe mashine zote mbili. Nikatoboa tundu kwenye ubavu wa kabati la sinki, nikapitisha mipira na waya wa umeme mpaka kwenye soketi ya ukutani. Usitumie extension wakuu, hii mashine inachemsha maji. Nikaisukuma ndani tukisaidiana na Salma, tukainyoosha kwa kuzungusha miguu yake huku pima maji iko juu.

Mpira wa maji machafu nikauchomeka kwenye kitawi cha bomba chini ya sinki. Nikafungulia maji. Hakuna tone. Nikawasha.

Nusu saa ya kwanza nilijiona injinia.

Kisha mashine ikaanza kutoa maji machafu, nikasikia mlio kama mtu anapiga chafya. Mpira ulichomoka. Maji yakatoka chini ya sinki, yakapita jikoni, yakaelekea kwenye zulia la korido.

"Dad! It's everywhere!"

Nikazima soketi, nikafunga koki, nikarusha mataulo chini. Salma akatoka mbio akaenda kumwita jirani yetu, Papa Ilunga. Huyu ni mzee wa Lubumbashi, maisha yake yote alikuwa fundi bomba kabla magoti hayajamchosha.

Aliingia na kandambili, akatazama mafuriko, akatabasamu.

"Ndugu, ulifungaka maji?"

"Nimefunga Papa."

"Bon. Nipe kisu."

Akainama kwa shida, akauchomoa ule mpira wote, akanionyesha kile kitawi. Ndani yake kilikuwa kimezibwa kwa kisahani cha plastiki. Kinakuja hivyo kutoka kiwandani, unatakiwa ukikate kabla ya kuunganisha. Mimi sikukata. Maji hayakuwa na pa kwenda.

"Unaona? Bouchon iko ndani. Wewe unasukuma maji kwa mulango ya kufungwa."

Akakata, akauchomeka mpira, akakaza clip kwa bisibisi. Kisha akaunyanyua mpira na kuufunga juu kabisa ndani ya kabati la sinki, ndipo ushuke, ili maji machafu ya sinki yasirudi kwenye mashine. Mambo mawili hayo yashikeni: kata kile kizibo, na nyanyua mpira.

Wakati nakamua mataulo akaniuliza, "Madame anarudia lini?"

"Wiki ijayo, Papa."

Akatikisa kichwa polepole. Mke wake alifariki akiwa bado Congo, karatasi zake za kuja hazikuwahi kukamilika. Hilo alinisimulia zamani. Siku ile hakulitaja. Aliniambia tu, "Nenda kumupokea na mapema," akaondoka na kandambili zake zilizolowa.

Mchana ule mashine ilifanya kazi safi. Kwa furaha nikaipa kazi ya heshima: nikaiwekea ile sufuria ya pilau.

Wakuu, aluminiamu haiingii kwenye dishwasher. Narudia, HAIINGII. Ile dawa ya kuoshea inaibadilisha rangi. Sufuria iliingia inang'aa, ikatoka ya kijivu cheusi kama jivu la mkaa.

Nilikuwa bado nimeishika mkononi simu ilipoita. Rehema, video.

Nilitaka kuficha, nikashindwa.

"Mama Salma, sufuria yako nimeiharibu."

"Imefanyaje?"

"Imekuwa nyeusi."

"Umeiunguza?"

"Hapana. Nimeiosha."

"Umeiosha na nini, Baba Salma?"

Nikageuza kamera. Nikamwonyesha mashine, mlango wazi, mvuke bado unatoka. Nikamwonyesha mataulo yaliyolowa. Nilitegemea atafurahi, pengine atapiga hata kigelegele.

Aliitazama muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Sufuria nitaisugua na ukwaju, itarudi. Lile neno ulilolisema mbele ya wageni je?"

Miezi minne alikuwa ameishika ile kauli. Mimi nami nilikuwa nimeishika, kila mmoja upande wake, tunaongelea dawa za mgonjwa.

"Nisamehe Rehema. Nilitaka watu wacheke."

"Walicheka," akasema.

Hapo ndipo machozi yalinitoka. Salma alikuwa mlangoni, safari hii sikusingizia pilipili. Rehema naye alikuwa analia kule.

Baadaye akajifuta na ukingo wa mtandio, akasema, "Nimekusamehe. Nilikuwa nasubiri uliseme wewe mwenyewe." Kisha akavuta pumzi. "Na mimi nina langu. Wiki ijayo siji."

Mama yake ameanza kusimama, anatembea hatua chache kwa kushikiliwa. Lakini kila Rehema akitaja safari, mama anaacha kula. Anasukuma tu sahani.

Nikamwambia kaa na mama.

Basi nikabaki na mashine yangu. Na hapa ndipo kichekesho kilipo wakuu: kwa watu wawili, dishwasher ya size kamili inachukua siku tatu kujaa. Nilikataa kuinunua wakati vyombo ni vingi, nikainunua wakati vimekwisha. Kila nikifungua mlango naona rafu tupu, naona vikombe viwili vimekaa mbali mbali.

Nilikuwa naanza kuzoea kusubiri. Mpaka wiki iliyopita tukiwa tunakula, Salma akaweka kijiko chini.

"Why don't we just go to her?"

Nikaanza kuhesabu sababu. Kazi, nyumba, shule. Akanikumbusha shule inafunga. Nikatafuta sababu nyingine, sikuipata. Nilikuwa nimeitengeneza hii nyumba imvute mke wangu arudi, na wazo la kumfuata halikuwahi kunipitia kichwani.

Kesho yake nikaomba likizo, nikapewa. Jumanne ya wiki ijayo tunaruka, mimi na binti yangu. Salma hajawahi kumwona bibi yake ana kwa ana. Hivi sasa yuko juu chumbani anajisemesha Kiswahili peke yake. Namsikia: "Shikamoo Bibi. Unaendeleaje na mguu?" Anarudia mpaka "unaendeleaje" likae sawa mdomoni.

Nilipompigia Rehema kumwambia, nikamuuliza tumletee nini kutoka huku.

Nikakisikia kile kicheko, kile cha kuvuta pumzi katikati.

"Njooni tu," akasema. "Mimi nitakuwa stendi tangu asubuhi."

Nilichojifunza ni hiki, wakuu. Mwenzako akiomba kitu, usianze kupima kama kinahitajika. Muulize amechoka wapi. Mimi niliombwa mara tatu na sikuuliza hata mara moja, nikaja kuelewa nikiwa nimesimama peke yangu natazama ukuta wa matofali.

Mwenye swali la kizibo, mpira au kusawazisha miguu ya mashine aulize, nitajibu ninachojua. Lakini zaidi ningependa kuwasikia ninyi ambao wenzi wenu wako mbali, kwa kazi, kwa ugonjwa wa mzazi, kwa karatasi. Mnazipitishaje hizi siku? Maana kwangu zimebaki tisa, na hii nyumba leo ni kubwa kuliko jana.