Kumi na Sita Waliohesabiwa na Kompyuta

Jamani, hili nikilisimulia bado uso unawaka, lakini najua mtalisikia tu kwa watu wa Basotu, na wao huongeza chumvi, basi afadhali mlisikie kwangu.

Nilikuwa mwendesha kompyuta kwenye shamba la ngano la serikali kule Basotu. Kompyuta yenyewe, ya mfumo wa Unix, ndiyo iliyobeba orodha ya vipuri vyote, na msimu ule wa mavuno ikaanza kufa kila siku saa tisa alasiri, ukiingia tu upepo wa kutoka mlima Hanang, pu! Watu wakanong'ona kwamba ofisi imekaa juu ya makaburi ya Wabarabaig yaliyolimwa na matrekta (kweli yalilimwa, haikuwa siri). Meneja hakutaka habari za makaburi. Alisema anayeichezea ni mlinzi, mzee Gidamis, kwa sababu ufunguo anao yeye na waliozikwa pale ni ndugu zake, akaapa kumfukuza.

Fundi wa Arusha akaniambia kwa redio koli, "Ikifa usiiguse! Kabla ya kuwaka tena itaandika kwenye diski kila kilichokuwa kichwani mwake. Linakili faili hilo kabla halijafutika, ndipo tutajua kilichoiua." Nikafurahi, maana hilo lingemsafisha mzee.

Saa tisa ikafa. Chumba kikawa kimya, halafu kwenye kioo namba zikaanza kushuka zenyewe, hakuna mkono kwenye kibodi: 16, 15, 14... (ni megabaiti za kumbukumbu zilizobaki kuandikwa, basi). Mzee Gidamis alikuwa nyuma yangu, sikumsikia alivyoingia.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba. Inahesabu nini, mwanangu?"

Ningesema ni kumbukumbu ya mashine, yakaisha. Mimi na mdomo wangu huu nikasema, "Inawahesabu waliolala huku chini."

Hakucheka. Alizifuata namba kwa midomo, kwa Kibarabaig, hadi sifuri. "Kumi na sita," akasema polepole. "Ndivyo walivyokuwa."

Nywele zilinisimama. Nilitaka kumwambia natania, aibu ikanizuia, na kwa kile kiwewe mashine ilipowaka nikasahau kulinakili lile faili, likafutika. Fundi akafoka redioni, akasema kesho anakuja mwenyewe.

Kesho yake meneja, fundi, makarani na madereva wa kombaini walijazana kwenye kile chumba. Upepo ukagonga madirisha, mashine ikafa, namba zikaanza kushuka. "Mtu asiguse," fundi akanong'ona, na kweli hakuna aliyepumua. Ndipo watu wa mlangoni wakapisha, mzee Gidamis akaingia na shuka lake jeusi, kibuyu mkononi, nami nikadhani amekuja kujionea akisafishwa, kumbe! Namba zilipofika tisa akaimiminia mashine maziwa, taratibu, kama wanavyomimina kaburini, huku akiita jina la baba yake. Ikatoa moshi. Kioo kikawa cheusi.

"Nani amekutuma?" meneja akapiga kelele.

"Binti huyu aliniambia wako humo."

Macho yote kwangu. Nikasema kwamba nilikuwa natania. Wee! Madereva waliangua kicheko, mmoja akakaa chini kabisa, na fundi ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee peke yake hakucheka, alinitazama mpaka kicheko kikaisha.

"Ungeniambia ni mashine tu, mwanangu, ningekuelewa."

Nikamwomba meneja anifukuze mimi, si mzee. Akauliza, "Maziwa umemwaga wewe?" Jioni ile ile mzee alirudisha ufunguo akaondoka kwa miguu kuelekea Hirbadaw, na kilichokuwa kinaiua kompyuta hakuna anayekijua mpaka leo.

Sasa mtu akiniuliza mashine inafanya nini, namwambia inachofanya, neno kwa neno, hata akisinzia.