Spika Kubwa za Baba

Juzi niliingia duka la redio mjini Kericho, nikapokewa na harufu ya mbao mpya na gundi. Muuzaji akaanza kunisukumia maboksi ya spika yanayonifika kiunoni. "Wacha hizo," nikamwambia. "Amplifaya yangu haina nguvu. Nipe spika ndogo zinazotoa sauti kwa nguvu kidogo." Akanicheka. Hasira za zamani zikanipanda, maana harufu ile naijua. Ilijaa sebuleni kwetu Kimulot, miaka ya tisini, Jumapili ambayo shangazi Chelangat aliimba redioni.

Shangazi ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa Gogo, nyanya yetu. Aliolewa mbali, na kuja kwake nyumbani kulikuwa nadra. Kwaya yao ilikuwa imerekodiwa, yeye akiongoza wimbo, na Gogo, ingawa masikio yalikuwa yameshakuwa mazito, hakuongea kitu kingine wiki nzima.

Sasa sikieni mambo ya baba yangu. Tulikuwa na amplifaya yenye redio ndani, ya kutumia betri ya gari, ndogo hata ingeingia kwenye kikapu cha kuchumia chai na nafasi ibaki. Mama alitaka kuiunganisha na spika ndogo iliyotoka kwenye redio yetu ya zamani iliyoharibika, aitumbukize kwenye nyungu tupu ili sauti itoke imejaa, vile majirani walivyofanya. Baba akakataa katakata.

"Kitu kama kisahani ndicho kimfikie mama yangu, na masikio yale?"

Akaenda akaleta maboksi mawili mapya ya spika, makubwa ajabu. Mama akayafunika kwa vitambaa vyake vya kushona.

Saa ilipofika, Gogo alikaa mbele ya maboksi amejifunga kilemba cha kanisani. Baba akawasha. Haki ya Mungu, maboksi yalinung'unika tu! Amplifaya haikuwa na nguvu ya kuyasukuma. Baba akazungusha kitufe hadi mwisho, yakaanza kukoroma. Mimi nilikuwa nimebandika sikio kwenye kitambaa, nikamtambua shangazi kwa mbali sana.

"Baba, weka ile ya mama!"

"Nyamaza wewe!"

Wimbo ukaisha hivyo hivyo.

Gogo akamshika baba mkono. "Nimesikia, mwanangu. Ameimba vizuri." Baba akapangusa jasho, akatabasamu.

Jioni mama aliunganisha ile spika ndogo kwenye nyungu. Ikavuma nyumba nzima, mtu akisoma habari za mvua. Mvua! Nilitamani kuipiga teke. Nikakimbilia jikoni, nikamkuta Gogo peke yake.

"Kwani aliimba wimbo gani?" akaniuliza polepole.

Nikamwimbia sikioni mstari mmoja niliokuwa nimeushika, huku nikilia kwa hasira. Kwa nini alidanganya? Miaka mingi ilipita ndipo nikaelewa. Siku ile Gogo alikuwa na watoto wawili sebuleni. Mmoja, wa redioni, Gogo hakumsikia. Mwingine alikuwa amesimama mbele yake akitoka jasho, na huyo alimwona vizuri sana.

Lakini bado inaniuma. Kule dukani nilinunua zile ndogo.