Kitanda cha Mgeni Makongeni

Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa Makongeni, bwana mmoja wa ng'ambo alitusomea masharti ya kubadilishana wanafunzi. Binti aliyechaguliwa mtaani kwetu angeishi na familia kwao, lakini mwanafunzi wa kwao angelala hotelini, maana nyumba zetu ni chumba kimoja. Mimi, katibu wa kamati ya mpango huo, Mungu anisamehe, nilishashika kalamu nitie sahihi.

Mama wa binti akasimama, akakaza leso kiunoni.

"Bwana katibu, weka kalamu chini. Kwangu mgeni hulala kitandani, sisi tukalala sakafuni. Wasipomleta wa kwao alale kwangu, wangu haendi."

"Mama, nafasi itapotea!"

"Ipotee."

Yule bwana akakunja karatasi, akaenda kuuliza wakubwa wake. Jibu halijaja. Miaka yote nimeomba unyenyekevu. Wiki hii naomba kiburi kidogo cha mama yule.